"Daktari, Tuendelee?"

Kisa hiki nilisimuliwa na rafiki yangu Jumamosi moja ya jua kali, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki karibu na steji ya Wote, sahani za muthokoi mbele yetu. Yeye ni daktari. Tulisoma shule moja ya upili, kisha yeye akaenda kusomea udaktari na mimi nikaenda kusomea kitu ambacho sikukimaliza. Huwa tunaonana akija nyumbani kumsalimia mamake.

Wakati huo alikuwa daktari mwanagenzi, mwezi wake wa pili katika wodi ya watoto, kwenye hospitali moja ya kaunti. Si hii yetu ya hapa Makueni, na alinikataza kuitaja. Jioni hiyo aliletwa mtoto wa miaka mitatu hivi. Homa kali, mikono baridi, viganja vyeupe kama karatasi, anapumua kwa kuvuta. Hakuwa anahara wala kutapika. Daktari mkubwa alikuwa anapita akielekea nyumbani, akamtazama mtoto, akaagiza awekewe maji ya dripu, tena yaingie haraka. Akaanza kuandika.

Sista aliyekuwa ameshika dripu alimwangalia rafiki yangu, kisha akamwangalia mkubwa. Akauliza, "Daktari, tuendelee?"

"Kwani mnangoja nini?"

Wakaendelea. Mtoto alifariki kabla hakujakucha.

"Labda angekufa tu," rafiki yangu aliniambia. "Damu ilikuwa chini sana, na ya kumwongezea haikuwa imefika. Lakini nilijua hayo maji hayakufaa yaingie hivyo. Nilijua na nikanyamaza." Kijiko kilikuwa kimesimama kwenye muthokoi. "Na hata sista alijua. Ile 'tuendelee' yake ilikuwa ya kusema tusiendelee."

Alijua nini hasa? Alijua jambo lililogunduliwa hapa hapa kwetu. Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland, anayefanya kazi Kilifi, walifanya jaribio kubwa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Walichukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini. Wengine wakapewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa, kama vitabu vya nchi tajiri vilivyofundisha kwa miaka, wengine wakapewa ya polepole tu. Karibu kila mtu alitarajia maji ya haraka yaokoe maisha. Matokeo yalitoka 2011 na yalikuwa kinyume. Kati ya watoto 100 waliopewa maji ya haraka, kati ya 10 na 11 walikufa ndani ya saa 48. Kati ya 100 ambao hawakupewa, walikufa 7. Jaribio lilisimamishwa mapema.

Sasa fikiria yule daktari mkubwa. Si mtu mbaya, na rafiki yangu alirudia hilo mara tatu. Ni mtu anayetoka kwenye gari lake usiku kwenda kumwona mgonjwa wa mwenzake. Lakini alisoma kabla ya 2011, na alichofundishwa kilikuwa ndicho sahihi siku aliyofundishwa. Kijana aliyesimama kando yake alifundishwa baadaye. Ndiyo ajabu ya hospitali: maarifa mapya mara nyingi huingilia mlango wa nyuma, yakiwa kichwani mwa mtu mdogo kuliko wote wodini, yule asiye na mdomo.

Nilirudi nyumbani na swali moja. Hawa madaktari wadogo wa Kenya si mabubu. Ndio hao hao tunaowaona barabarani na filimbi na mabango. Vipi mtu anaweza kumpigia kelele waziri mchana na kushindwa kumwambia mkubwa wake "hapana" jioni?

Sauti ya barabarani ina historia ndefu. Mwaka 1994, chini ya Moi, madaktari wa serikali waligoma kwa siku 105. Mshahara ulikuwemo, hali ya hospitali ilikuwemo, lakini dai kubwa lilikuwa chama: walitaka kusajiliwa. Serikali ikakataa katakata, na wengi wakapoteza kazi. Ilibidi ipatikane Katiba ya 2010 ndipo KMPDU ikasajiliwa, 2011, na kabla mwaka huo kuisha wakawa tayari wamegoma. Desemba 2016 wakatoka tena kudai mkataba uliotiwa sahihi 2013 na kutotekelezwa. Siku 100. Februari 2017 viongozi saba wa chama wakafungwa jela kwa kudharau mahakama, wakatolewa siku mbili baadaye. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya wanagenzi wenyewe: mkataba ulisema wapate shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000. Katibu mkuu wa chama, Davji Atellah, alikuwa amejeruhiwa kichwani kwa kopo la kitoa machozi kwenye maandamano ya Februari. Mgomo wenyewe ukaanza Machi na kuisha Mei, siku 56.

Kwa hiyo woga wa jumla haupo. Barabarani mko mia tano, umevaa koti jeupe kama wenzako, na unayemsema yuko mbali, ofisini Afya House. Wodini uko peke yako, na unayemsema ana kalamu.

Kalamu hiyo ndiyo watu wasio madaktari hatuioni. Mwanagenzi hupitia idara moja baada ya nyingine: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, akina mama. Kila idara ina mkubwa ambaye lazima aweke sahihi kwamba kijana huyu anafaa. Bila sahihi hizo Baraza la Madaktari halimpi usajili kamili, na bila usajili miaka sita ya chuo inabaki hadithi ya kuwasimulia wajomba. Ukienda kusomea ubingwa ni hivyo hivyo, tena zaidi: anayekufundisha kupasua ndiye atakayekutahini. Rafiki yangu alikuwa amebakisha wiki tano kwenye wodi ile.

(Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu kadhaa, na mojawapo ilikuwa alama zilizopotea. Nilifanya mtihani, alama hazikuonekana. Mhadhiri aliniambia sikuufanya, na alikuwa ameketi mezani pake na karatasi za watu wengine. Nilisema, "Sawa, mwalimu." Kwa hiyo sina haki ya kumcheka mtu yeyote kwa kusema "sawa, daktari". Tofauti ni kwamba "sawa" yangu haikumuumiza mtu mwingine.)

Ukitafuta mizizi, lazima urudi kwenye hospitali za wakoloni. Kenyatta ilianza 1901 kama hospitali ya "wenyeji". KMTC, ambako wauguzi wengi na maafisa wetu wa kliniki wanatoka, huhesabu kuzaliwa kwake 1927. Shule ya udaktari ya Mulago, iliyokuja kuwa ya Makerere, nayo ilianza miaka hiyo ya 1920. Angalia majina ya kazi waliyopewa Waafrika: mfunga vidonda, msaidizi wa hospitali, msaidizi wa maabara. Hata aliyetoka Makerere baada ya miaka mingi ya masomo, anayepasua na kuzalisha, cheo chake kiliitwa ofisa wa tiba msaidizi, na mshahara wake ulikuwa chini kabisa ya wa Mzungu. Mwanahistoria John Iliffe ameandika kitabu kizima kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni watu hawa wakipigania tu kuitwa madaktari. Msaidizi kazi yake ni kusaidia. Hakuna msaidizi anayemuuliza bwana mkubwa kama ana uhakika.

Uhuru ulipokuja, Mwafrika alikalia kiti cha bwana mkubwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha udaktari 1967, mabingwa wetu wakapatikana, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kiti ni kile kile. Raundi ya wodi bado inatembea kama ilivyotembea wakati huo: bingwa mbele, wanaosomea ubingwa nyuma yake, wanagenzi nyuma yao, wanafunzi mkiani wakinyoosha shingo. Sista na faili. Mgonjwa amelala katikati ya mambo na haulizwi.

Wengine watasema ni utamaduni, Mwafrika hamkosoi mzee. Nimekulia Ukambani na najua heshima ni nini. Lakini nimewaona pia vijana wakimwambia mzee ukweli barazani. Kuna njia zake: unaanza mbali, unamwomba ruhusa, unasema "labda sikuelewa". Shida ni kwamba njia hizo zinahitaji muda, na mtoto anayepumua kwa kuvuta hana muda. Tena tusijidanganye kwamba ugonjwa huu ni wetu.

Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye uwanja mmoja wa visiwa vya Kanari. Watu 583 wakafa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi. Kulikuwa na ukungu. Rubani mkuu wa ndege ya KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alianza kupaa kabla ya kuruhusiwa, na ndege ya Pan Am ilikuwa bado iko njiani mbele yake. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake alisikia kitu redioni, akauliza kama yule wa Pan Am kweli ameshatoka. Aliuliza tu. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ameshatoka, na mazungumzo yakaishia hapo. Van Zanten hakuwa rubani wa kawaida. Alikuwa mkuu wa mafunzo, picha yake ilitumika kwenye matangazo ya kampuni, na miezi miwili hivi kabla ya hapo ndiye aliyemtahini rubani msaidizi aliyeketi kando yake na kumpa kibali cha kurusha 747. Kalamu tena.

"Ameshatoka yule?" na "Daktari, tuendelee?" ni sentensi moja. Ni onyo lililovalishwa nguo za swali ili mkubwa asikasirike. Baada ya ajali hizo makampuni ya ndege yalilazimika kufundisha upya watu wazima kuongea: mdogo afundishwe kusema wazi, mkubwa afundishwe kusikia.

Hospitali zilichelewa kujifunza. Tuje karibu na nyumbani. Mwishoni mwa 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, walikuwepo wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza. Mmoja alikuwa na tatizo la goti, mwingine la kichwa. Mwenye goti akapasuliwa kichwa, mwenye kichwa akapasuliwa goti. Tanzania nzima ilishtuka. Hebu hesabu ni watu wangapi wanaomgusa mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kisu: anayemtoa wodini, anayemsukuma, anayempokea, anayempa dawa ya usingizi, anayepanga vifaa, anayepasua. Sidai kwamba kuna aliyeona na kunyamaza. Nasema tu kwamba kati ya wote hao, mara mbili, hapakuwa na hatua iliyomlazimu mtu kusimama na kuuliza kwa sauti: huyu ni nani na anafanyiwa nini?

Cha kushangaza, miezi hiyo hiyo, katika nchi hiyo hiyo, hatua hiyo ilikuwa inajaribiwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetengeneza karatasi moja ya ukaguzi kwa ajili ya upasuaji, ikiongozwa na daktari mpasuaji wa Marekani Atul Gawande, na wazo lenyewe liliazimwa kwa marubani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008. London, Toronto, Seattle, New Delhi na kadhalika. Na Ifakara, Tanzania, mji mdogo kwenye bonde la Kilombero.

Karatasi yenyewe ukiiona utasema ni mzaha. Kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Kisha wanathibitisha kwa sauti jina la mgonjwa, wanachomfanyia na mahali pa kukata.  Katika hospitali hizo nane vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kuna ubishi kuhusu ni sehemu gani hasa ya karatasi iliyofanya kazi. Mimi nina upendeleo wangu: ile ya kutaja majina. Mtu akishafungua mdomo mara moja mbele ya bingwa, mara ya pili si nzito sana. Na bingwa akishamsikia akisema "naitwa fulani, ni muuguzi", hawezi tena kumchukulia kama stendi ya dripu.

Miaka kumi ikapita.

Februari 2018, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Wanaume wawili. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo na alihitaji kupasuliwa. Mwingine alikuwa na uvimbe kichwani usiohitaji kisu. Vitambulisho vyao vikachanganywa. Yule wa uvimbe akapelekwa chumba cha upasuaji, akafunguliwa fuvu, na saa kadhaa zikapita kabla waliokuwa wakimpasua kugundua kwamba damu wanayoitafuta haipo. Habari zilipofika magazetini mwanzoni mwa Machi, dunia nzima ilizibeba.

Waliosimamishwa kwanza walikuwa wanne: daktari aliyekuwa akisomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo, muuguzi wa wodi, muuguzi wa kupokea wagonjwa chumba cha upasuaji, na mtaalamu wa dawa ya usingizi. Waswahili husema mkubwa ni jaa, kila taka humfikia yeye. Siku hiyo jaa lilianzia chini. Baadaye kidogo Waziri wa Afya, Sicily Kariuki, akamtuma afisa mkuu wa hospitali, Lily Koros, likizo ya lazima pamoja na mkurugenzi wa huduma za tiba, kwa hiyo siwezi kusema juu hakukuguswa. Lakini wenzake yule daktari, wale wanaosomea ubingwa, waliona taarifa ya kwanza imemtaja nani. Wakaweka vifaa chini. Wakatoka nje kumtetea, wakisema wanafanya kazi kupita kiasi, kwamba wao ndio wanaobeba hospitali na bado wengine hawalipwi.

Nilikuwa tineja wakati huo na nakumbuka watu wakiwalaani: mmepasua mtu asiye wake na bado mnagoma! Leo naona kitu kingine. Naona sauti ya barabarani ikijaribu kufanya kazi ambayo sauti ya wodini haikupewa nafasi ya kuifanya. Ukisubiri hadi kosa litokee, mtu akilaumiwa, ndipo mia tano wapige kelele, umechelewa kwa saa kadhaa na fuvu moja. Na kitu ambacho migomo yote hiyo, ya 1994, ya 2017, ya 2024, haikuwahi kukipata mezani ni haki ya mtu mmoja mdogo kusema "simama" bila kuogopa sahihi yake. Sijui hata mkataba wa hivyo ungeandikwaje. Huwezi kugoma ili mtu akusikilize raundi ya Jumanne.

Nilimpigia rafiki yangu kumsomea haya. Alisikiliza, akanyamaza, nikadhani mtandao umepotea. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuniambia siku ile ya muthokoi. Siku hizi ana wanagenzi chini yake. Wiki mbili zilizopita alikuwa ameandika dozi ya dawa ya mtoto, amechoka, ni saa kumi usiku. Mwanagenzi mmoja, msichana mwembamba anayevaa miwani, akasogea na faili na kusema, "Samahani daktari, hizi kilo ni za mtoto huyu?"

"Nilisikia moto hapa," akaniambia, na nadhani alikuwa anagusa shingo. "Mbele ya masista. Nikamwambia andika nilivyosema."

Nikamuuliza na dozi je.

Alirudi peke yake baada ya dakika ishirini, akampima mtoto upya. Kilo zilikuwa za mtoto wa kitanda cha pili. Sista hakuwa ameichoma ile dawa bado, alikuwa ameiweka kando na kusema anatafuta sindano ndogo. Akabadilisha dozi kwenye faili, akatia sahihi.

"Ulimwambia yule msichana?"

"Bado," akasema. "Yuko zamu Alhamisi."